Maswali ya Baba Mkwe

Evarista alipotoka kwenye chumba cha usaili pale Mbeya mjini, mama mmoja wa jopo lililomhoji alimfuata mpaka kwenye ngazi akijifanya anatafuta mtandao wa simu.

"Mdogo wangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "majibu ulikuwa nayo. Ila ulikuwa unaiambia meza."

Akarudi ndani.

Maneno hayo alisafiri nayo mpaka Chimala, kwa wakwe zake. Hakuyakasirikia, maana yalikuwa kweli. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mzee mwenye mvi na sauti nzito ya taratibu, na kila alipouliza, macho ya Evarista yalishuka yenyewe, yakatua kwenye kalamu, kwenye kikombe cha chai, kwenye kucha zake mwenyewe. Sauti nayo ikafuata macho. Ilikuwa mara ya pili kumtokea. Mara ya kwanza ilikuwa Iringa, mwaka uliotangulia, akajiambia ni woga wa ugeni tu. Safari hii hakuwa na cha kujiambia.

Hakuzaliwa hivyo. Kwao ni Ifunda, kwa Wahehe, binti wa katekista aliyewaruhusu watoto wake kubishana naye mezani ilimradi wasimkatize. Chuoni, alikosomea maendeleo ya jamii, wenzake walimchagua awe anawasemea kwa mkuu wa chuo kila maji yalipokatika bwenini. Huko ndiko alikokutana na Isaka, fundi umeme wa magari katika gereji ya jirani, Mnyakyusa wa Chimala, mtu wa utani mwingi. Walioana. Isaka akapata kazi nzuri zaidi Tunduma, mpakani, ambako malori hayaishi, na Evarista akaenda kukaa kwa wakwe zake akisubiri ajira. Mwaka wa kwanza wa kusubiri, mtoto wao Mercy alikuwa anatambaa. Sasa Mercy alikuwa anaimba nyimbo zote za watoto kanisani, na mama yake bado anasubiri.

Katika nyumba ile ndiko alikojifunza kushusha macho. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hakuna ugomvi ndani yake. Ni heshima, na ina taratibu zake. Siku hizi wengi wamelegeza, wengine wameacha kabisa, wapo hata wanaokula meza moja na kutaniana. Lakini mzee Andendekisye, baba yake Isaka, alilelewa na bibi yake huko Rungwe, na kwake jambo hilo halikuwa la kujadiliwa. Hakuwa mkali. Hakuwahi kumgombeza Evarista hata siku moja. Ilikuwa tu kwamba yeye akiingia sebuleni kwa mlango wa mbele, Evarista alitokea mlango wa nyuma. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja alikata kona. Salamu ilitolewa kwa mbali, mtu kapiga goti na uso umeelekea ardhini, na itikio lilikuja kama vile linamhusu mtu mwingine. Hata jina la mzee halikutamkwa. Kwenye kwaya kulikuwa na kijana mwenye jina hilohilo, na Evarista alimwita "yule wa besi" mpaka kijana mwenyewe akazoea.

Mwanzoni ilimchekesha. Baadaye ikamchosha. Kisha akaacha kuiona kabisa, na hapo ndipo ilipoanza kumfuata nje ya nyumba.

Simu kutoka Nyololo ilikuja wakati wa mavuno ya mpunga, Evarista akiwa uani anapepeta. Kampuni moja ya kununua na kufungasha parachichi ilikuwa inatafuta mratibu wa wakulima, mtu wa kuzunguka vijiji vya Mufindi, kukaa na wenye miti, kusikiliza shida zao na kuzifikisha ofisini. Aliwahi kuiomba kazi hiyo akaisahau. Sasa walikuwa wanamwita kwenye usaili, baada ya wiki mbili.

Alifanya anavyofanya kila mtu. Alinunua bando, akaingia mtandaoni, akatafuta maswali yanayoulizwa sana kwenye usaili pamoja na majibu yake, na kuanzia kesho yake akawa anayakariri huku anachambua mchele.

"Mimi ni mchapakazi, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo na chini ya shinikizo. Mimi ni mchapakazi, ninayejituma…"

"Unasali?" mama mkwe wake akamuuliza.

Tupokigwe alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na kati yake na Evarista hapakuwa na taratibu yoyote zaidi ya shikamoo ya asubuhi. Walipika pamoja na kuwasengenya watu walewale wa kanisani.

"Ni majibu ya usaili, mama."

"Na hao watakaokusikiliza watafaidika nini?"

Evarista akacheka, halafu kicheko kikamwishia. Alimsimulia yaliyotokea Mbeya, pamoja na yale ya meza. Tupokigwe alisikiliza mikono ikiwa imetulia juu ya ungo.

"Mimi namfahamu mtu wa kukusaidia," alisema, akaelekeza kidevu barazani.

Barazani alikaa mzee. Kabla ya kustaafu, mzee Andendekisye alikuwa ofisa utumishi katika mashamba ya mpunga ya shirika la umma huko Rujewa, na kwa miaka mingi hakuna karani wala dereva aliyeajiriwa kule bila kuketi kwanza mbele yake. Watu wazima wa Rujewa, wenye wajukuu, bado walimwamkia kwa kunyoosha mgongo.

"Mama! Mimi na baba tutakaaje?"

"Hamtakaa. Yeye atakaa kwake, wewe utakaa kwako."

Evarista hakujua walizungumza nini huko chumbani. Alisikia tu Kinyakyusa cha haraka kisichomhusu. Lakini kesho yake alasiri kiti cha mzee kilikuwa kimesogezwa karibu na mlango wa mbele, kimeelekea barabarani. Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa. Evarista aliwekewa kigoda ndani, nyuma ya pazia, na Tupokigwe akakaa kizingitini katikati yao na ungo wa maharage.

"Mama Isaka," sauti ya mzee ilisema, "mwulize mwanao yeye ni nani."

"Anauliza wewe ni nani," Tupokigwe akasema, kana kwamba Evarista alikuwa mtaa wa pili.

"Mimi naitwa Evarista. Nilizaliwa Ifunda, wilaya ya Iringa, nikasoma shule ya msingi hapohapo, kisha sekondari…" Akaendelea mpaka kwenye stashahada yake na semina alizohudhuria.

"Anasema ni mtu wa Ifunda," Tupokigwe akafikisha.

"Hilo nalijua. Ng'ombe nilipeleka mimi mwenyewe."

Tupokigwe alicheka mpaka maharage yakamwagika. Mzee alisubiri. Kisha akasema, akiiambia barabara, kwamba hayo yote yameandikwa kwenye karatasi, na karatasi hao watu wanayo mezani. Anayeuliza wewe ni nani hataki kusomewa anachoweza kusoma. Anataka kujua mtu huyu akiingia ofisini kesho asubuhi, kutakuwa na nini ambacho leo hakipo. "Mwambie alifikirie hilo. Leo imetosha."

Ndivyo walivyoanza. Kila alasiri, jua likishahama barazani, swali liliondoka upande mmoja wa pazia, likapita kwa Tupokigwe, likafika upande wa pili, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo likiwa limepunguzwa urefu. Kwa nini unaitaka kazi hii? Evarista alijibu kwamba anaipenda sana kampuni hiyo na maono yake. "Hajawahi kuiona," mzee alisema. "Anaipendaje?" Ukigombana na mwenzako ofisini utafanya nini? Utapenda kulipwaje? Mzee hakumpa jibu hata moja. Alisikiliza tu, na pale jibu lilipokuwa la mtandaoni alilijua papo hapo, akasema limeshalika midomoni mwa wengi, alete jingine.

Siku moja swali likawa: miaka minne hii alikuwa wapi?

"Nilikuwa nyumbani tu," Evarista alijibu.

Tupokigwe hakufikisha. Aligeuka akaangalia pazia. "Nyumbani tu? Na ile zamu ya maji?"

Mwaka ule uliopita, wanawake wenye majaruba madogo ya mpunga kwenye mfereji wa chini walikuwa wanapata maji usiku peke yake, wakati wenye mashamba makubwa wamekwisha kumwagilia. Evarista ndiye aliyewaita, akawauliza kila mmoja shamba lake lilipo, akapanga nao zamu mpya, akawafundisha namna ya kuiwasilisha kwenye mkutano wa watumia maji. Ilikubaliwa. Hadi leo wanamwagilia mchana.

"Hiyo ni kazi," mzee alisema barazani. "Mwulize, siku ya mkutano, nani alisema mbele ya mwenyekiti?"

Tupokigwe akarudisha mkono kwenye ungo. "Mimi," alisema. "Mwenyekiti ni mzee. Mama Mercy alikaa nyuma."

Lori lilipita barabarani, likafuatwa na jingine.

Siku iliyofuata Tupokigwe aliitwa kwenye msiba wa jirani. Evarista alidhani hakutakuwa na maswali, lakini kwa mazoea akaketi kwenye kigoda chake, na upande wa pili akasikia kiti kikilia kwa uzito wa mtu. Walikaa hivyo, kila mmoja akijua mwenzake yupo. Mwishowe mzee akakohoa, akasema bila kumtaja mtu:

"Huwa wanauliza udhaifu."

Hakukuwa na wa kupokea jibu njiani. Alisema lile alilolikariri, kwamba udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi hadi kusahau kupumzika.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamsikia baba mkwe wake akicheka karibu yake. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, kama cha Isaka.

"Huo wanao wote," mzee alisema. "Sijawahi kuona nchi yenye watu wanaopenda kazi kama chumba cha usaili."

Evarista naye akacheka, akijiziba mdomo. Jibu la kweli alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu zile ngazi za Mbeya. Lakini lingesemwaje ndani ya nyumba hii, kwa mtu huyu? Lilikuwa kama kumwambia mwenyeji kwamba chakula chake ndicho kilichokuumiza tumbo. Na mwenyeji mwenyewe alikuwa anaacha usingizi wake wa alasiri kwa ajili yako. Alilishika pindo la pazia bila kulifungua.

"Nikiwa mbele ya mzee wa kiume," alisema, "macho yanaanguka na sauti inaondoka. Sikuwa hivyo. Nilijizoeza, kwa heshima, na sasa siwezi kuacha hata pale ninapotakiwa kuacha. Kazi ya Nyololo ni ya kukaa na wazee. Huo ndio udhaifu wangu."

Aliposikia kiti tena, kilikuwa kinasukumwa nyuma. Viatu vya mzee vilishuka ngazi, vikakanyaga changarawe, vikapotea.

Kesho yake kiti kilikuwa kimerudishwa mahali pake pa zamani. Mzee alikuwa ameondoka asubuhi na baiskeli bila kuaga vizuri. Evarista alimsimulia Tupokigwe kila kitu.

"Amekasirika?" Evarista aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Akikasirika huwa anakula sana. Jana hakula."

Evarista alilala akijilaumu. Alijiuliza kama kuna ukweli ambao mtu anaruhusiwa kuwa nao lakini si kuusema. Baba yake, katekista, angesema hakuna. Lakini baba yake alikuwa anasema hivyo Ifunda, mezani kwake, akiwa yeye ndiye mwenye meza.

Siku ya tatu mzee alirudi mapema, na hakurudi peke yake. Alikuja na mzee Zabron, Msangu, rafiki yake wa zamani aliyekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kule Rujewa. Mzee Zabron alikuwa mrefu, amevaa koti la suti katika joto la Chimala, na masikio yake yalikuwa yamezeeka kuliko yeye.

Tupokigwe alikuja jikoni ametoa macho. "Baba yako anasema hivi. Yeye hawezi kutazamana na wewe. Amejaribu kulifikiria, hawezi. Lakini huyu si mkwe wako. Anasema ukakae naye barazani, umtazame kama unavyomtazama baba yako wa Ifunda. Yeye atakuwa ndani, nyuma ya pazia."

Kwa hiyo wakabadilishana. Evarista akatokea barazani kwenye mwanga, na mzee Andendekisye akaingia kwenye kigoda cha nyuma ya pazia, kifupi mno kwa magoti yake.

"KAA, BINTI!" mzee Zabron alisema, kwa namna ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe. "TUELEZE KUHUSU WEWE!"

Evarista alianza. Macho yakamshuka mpaka kwenye kifungo cha koti.

"Ameinama," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Evarista alishtuka, akainua uso. Akaanza upya. Alifika kwenye habari ya zamu ya maji, akajisikia anateleza tena.

"Ameinama."

"Amejuaje?" aliuliza, bila kujua anamuuliza nani.

"ETI?" Mzee Zabron akaweka kiganja sikioni.

"Nauliza amejuaje, wakati hanioni!"

"AAH! Huyo? Huyo alikuwa anamjua mwongo kwa anavyovuta kiti. Sauti ya mtu aliyeinama inapita kooni kwa shida. Hata mimi zamani nilikuwa naisikia. Endelea. Ila sema na mimi, binti, usiseme na koti langu, maana koti ni zima kuliko masikio yangu."

Alipomtazama vizuri, alimwona. Aliona kovu dogo la wembe kidevuni, jicho moja lenye ukungu, na aliona kwamba mzee Zabron alikuwa anafuata midomo yake kwa bidii ya mtoto anayejifunza kusoma. Kumbe alipokuwa akiinama, mzee wa watu alikuwa haambulii kitu. Heshima yote ile aliyokuwa anampa ilikuwa inamwacha nje. Evarista hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo kutoka upande ule, kwamba kuna mtu anayehitaji kutazamwa, na kumnyima ni kumwonea.

Mzee Zabron alikuja tena, na tena. Mara nyingine alisahau yuko kwenye usaili, akaanza kusimulia kesi za ng'ombe walioingia kwenye mpunga wa watu, na Evarista akamrudisha kwenye swali. Sauti ya nyuma ya pazia ilipungua. Siku ya mwisho haikusema kitu kabisa, hata Tupokigwe akachungulia kuona kama mumewe amelala. Alikuwa macho, ameegemeza kichwa ukutani.

Nyololo alikuta ukungu na baridi ya kukata masikio. Kwenye benchi la nje kulikuwa na waombaji wenzake wamejikunyata, na kijana mmoja aliyejitambulisha kama Ombeni alikuwa anasoma kwenye simu akinong'ona: mimi ni mchapakazi, ninayejituma. Evarista alitamani kumwambia kitu, lakini akaona si wakati wake, na pengine kwa mwingine jibu hilo linafaa.

Jopo lilikuwa la watu watatu: dada wa utumishi, mhasibu asiyeongea, na mzee Eliezeri, mwenyekiti wa umoja wa wakulima, mwenye kofia ya sufu na mikono iliyopasuka kwa kazi.

"Kamwene," mzee Eliezeri alimwamkia Kihehe, kumjaribu.

"Kamwene," Evarista akaitikia, akimtazama.

Maswali yalikuja karibu yote aliyoyategemea. Alieleza yeye ni nani kwa kusimulia habari ya mfereji. Dada wa utumishi alipouliza udhaifu, Evarista alisema ule wa kweli, kwa ufupi, bila kuulainisha.

Mzee Eliezeri akasogeza kofia. "Sasa mbona mimi unaniangalia?"

"Nimefundishwa, mzee. Na baba mkwe wangu."

"Baba mkwe wako ndiye aliyekuzoesha kumtazama?"

"Hapana. Yeye hatujatazamana mpaka leo."

Mhasibu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Ikabidi aeleze, na alipoeleza aliona kwamba haikuwa inamwaibisha. Mzee Eliezeri alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

Kisha akauliza swali ambalo halikuwa mtandaoni wala barazani. Wakulima wake, alisema, walishawishiwa kupanda miche ya parachichi na watu walioahidi kununua, na wakati wa kuvuna watu hao hawakuonekana. Parachichi zilioza chini. Ukienda leo, mwenye mti atakuuliza: nikikuamini wewe, nitapata nini? Utamjibu nini?

Evarista alifikiri. Alitafuta jibu, akaona kila analolishika ni ahadi ambayo si yake kuitoa.

"Sijui," alisema. "Kabla ya kumjibu ningetaka nyinyi mniambie kwanza mnaweza kumwahidi nini. Sitaki niende na jibu ambalo ofisi haitalisimamia."

Dada wa utumishi aliandika kitu. Hakuna aliyetabasamu. Evarista alitoka akiwa na hakika amekosa, na bado, njia nzima ya kushuka kupita Makambako mpaka kwenye joto la tambarare, hakuwa na ule uzito wa safari ya Mbeya. Alikuwa amekosa kama yeye mwenyewe.

Na kweli alikosa. Majuma kadhaa baadaye ulikuja ujumbe wa simu: nafasi amepewa mwingine, wanamtakia kila la heri. Tupokigwe alilalamika siku nzima. Mzee alipopelekewa habari aliuliza tu waliuliza nini mwishoni, na alipoambiwa jibu la Evarista, akasema, "Mwambie alijibu vizuri." Maisha yakarudi kwenye mpunga.

Mvua za kwanza zilipoanza, simu ikalia tena. Yule aliyeajiriwa alikuwa ameacha. Amepata ualimu Dodoma. Mzee Eliezeri alikuwa amekumbusha kikaoni kwamba kulikuwa na yule binti aliyesema hajui. Je, bado anaihitaji kazi?

Isaka, kwa simu kutoka Tunduma, hakusita. "Nyololo? Si malori yote yanapita hapo! Nitakuwa nakuja kila nikipata lifti." Tupokigwe alilia kwa sababu ya Mercy, akafurahi, akalia tena. Mzee Andendekisye alituma neno moja la kiofisi: apewe kwanza barua ya ajira, ndipo afunge mizigo.

Huko Nyololo alipanga chumba na sebule vya kukaa na Mercy nyuma ya soko, kwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mlinzi mstaafu aitwaye Timotheo. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Alipanda bodaboda kwenye utelezi wa vijijini, akakaa chini ya miti ya watu waliomtazama kwa mashaka, akasikia lawama za makosa yasiyo yake. Kuna siku macho bado yalimshuka. Aliyainua. Na alipokwenda Chimala mwisho wa mwezi alipiga goti mbali kama zamani, uso ardhini, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Au aliona, lakini alikuwa hajui ayapatanishe vipi, akayaacha yakae pamoja.

Jioni moja alirudi kutoka kijijini amelowa, akamkuta Mercy uani amesimama mbele ya mzee Timotheo. Mzee alikuwa anamuuliza anasoma wapi, mwalimu wake nani, akiwa mkubwa atakuwa nini. Mtoto alikuwa ameinua uso wote, mikono kiunoni, anamkazia macho usoni bila kupepesa, anajibu kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Evarista alisimama getini na viatu vyake vya matope. Neno la kumwonya binti yake, kwamba wakubwa hawatazamwi hivyo, lilikuwa tayari mdomoni. Lilifika lenyewe, halikuombwa. Alikaa nalo pale. Mzee Timotheo alikuwa anacheka, anauliza lingine, na Mercy anajibu. Evarista akavua viatu, akaingia ndani kuwasha mkaa, bado anafikiri ni lipi hasa atakalomwambia mtoto, na lini.